Mnyama Aliyeondolewa Madhabahuni: Apaturia Ilikuwa Sikukuu ya Mtoto au ya Mashahidi?

Katika Athene ya karne ya nne Kabla ya Kristo aliishi mzee mmoja tajiri, Euktemon wa Kephisia, aliyefariki akiwa na miaka 96. Uzeeni aliiacha nyumba ya mkewe akawa anakaa kwa Alke, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye Euktemon mwenyewe alikuwa amempa kazi ya kusimamia nyumba yake ya kupangisha katika mtaa wa Kerameikos. Alke alikuwa na watoto wawili wa kiume. Siku moja Euktemon alimchukua yule mkubwa akampeleka mbele ya madhabahu ya wenzake wa udugu wa kurithi, akitaka apokewe kwa jina lake kama mwanawe wa kumzaa. Mnyama wa kafara alikuwa ameshaletwa. Ndipo Philoktemon, mwana wa ndoa, akakataa. Na wale wenzake mzee nao wakakataa. Mnyama akaondolewa madhabahuni, shughuli ya siku ile ikaishia hapo.

Tunaisoma habari hii katika hotuba ya kesi ya mirathi iliyoandikwa na Isaios, takriban mwaka 364 KK. Ni maneno ya upande mmoja, na aliyelipia hotuba ile alitaka urithi, kwa hiyo mengi kuhusu Alke tuyapokee kwa tahadhari. Lakini kuna jambo moja ambalo msemaji hakuhangaika kulieleza, kwa sababu kila hakimu aliyekaa pale alilijua: mnyama akiondolewa, mtoto hana baba. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyonifanya niitazame upya sikukuu hii, ambayo wengi wetu tukiisikia huwa tunaiita haraka haraka "jando la Wagiriki".

Sikukuu yenyewe iliitwa Apaturia. Ilifanyika mwezi wa Pyanopsion, kati ya Oktoba na Novemba kwa kalenda yetu, kwa siku tatu. Siku ya kwanza, Dorpia, watu walikusanyika jioni kwa chakula cha pamoja. Ya pili, Anarrhysis, walichinja kwa heshima ya Zeus Phratrios na Athena Phratria. Ya tatu iliitwa Koureotis, nayo ndiyo siku ya watoto na vijana. Waliokusanyika hawakuwa mji mzima mahali pamoja. Kila mtu alikwenda kwenye fratria yake, yaani udugu wa kurithi kutoka kwa baba, wenye madhabahu yake, kuhani wake, kiongozi wake na mkutano wake. Fratria haikuwa kabila, wala haikuwa ukoo kwa maana ya watu wanaoweza kuhesabu babu mmoja. Ilikuwa ni kundi la watu walioamini kuwa ni ndugu na kuishi hivyo. Hata jina la sikukuu, kwa maelezo ya wanaisimu, lina maana ya "wenye baba mmoja". Mwanahistoria Herodotos aliiona kuwa kubwa kiasi cha kuifanya kipimo: Waionia, moja ya makundi makubwa ya Wagiriki, anasema, ni wale wote wenye asili ya Athene wanaoadhimisha Apaturia, isipokuwa watu wa Ephesos na Kolophon.

Sasa, je, hilo ni jando?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, na historia yao inatugusa. Mwaka 1909 Arnold van Gennep alieleza kwamba taratibu za kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine hufuata hatua tatu: kutengwa, kukaa pembezoni, kisha kurudishwa akiwa mtu mpya. Miaka 30 baadaye, mwaka 1939, Mfaransa Henri Jeanmaire alizichukua habari za jando za Afrika zilizokuwa zimeandikwa na watafiti wa enzi yake, akazitumia kuwaeleza vijana wa Sparta na wa Ugiriki kwa jumla. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayeona kumbi na wari katika simulizi za Wagiriki hajajitungia. Njia hiyo ilipita huku kwetu kabla ya kurudi Ulaya.

Mwaka 1968 Pierre Vidal-Naquet, Mfaransa mwingine, aliipeleka hoja mbele zaidi kwa kutumia hadithi ya asili ya Apaturia. Wagiriki wenyewe hawakuijua ile maana ya wanaisimu. Wao walilihusisha jina la sikukuu na neno lao la udanganyifu, na wakasimulia hivi: Athene na Boiotia waligombania ardhi ya mpakani. Wakakubaliana wapiganaji wawili waamue, Melanthos kwa upande wa Athene, Xanthos kwa upande wa Boiotia. Majina yao yenyewe yana maana ya "mweusi" na "mwenye nywele za dhahabu". Walipokutana, Melanthos akapaza sauti: mbona umekuja na mtu mwingine nyuma yako? Xanthos akageuka kutazama, akauawa. Vidal-Naquet alisema hapa ndipo alipo kijana ambaye hajawa mtu mzima. Yuko mpakani, anatumia hila, anahusishwa na weusi na usiku, kinyume kabisa cha askari kamili wa Athene anayesimama mchana kweupe kwenye mstari, bega kwa bega na jirani yake. Na kweli, vijana wa Athene wa miaka 18 hadi 20 walipelekwa kulinda ngome na mipaka kabla ya kuingia katika maisha ya raia. Ongeza kwamba siku ya Koureotis vijana walikata nywele zao na kuziweka wakfu, na kwamba kabla ya kunyoa walimtolea Herakles kipimo cha divai na kuwanywesha wenzao. Nywele, mpaka, hila, kinywaji cha rika. Aliyewahi kusikia nyimbo za jandoni atasema: nipeni ushahidi gani tena?

Nimeipenda hoja hii kwa miaka mingi, na bado naona ina uzuri wake. Lakini ina nyufa. Melanthos wa hadithi si kijana. Ni mtu mzima aliyekuja kuwa mfalme wa Athene kwa sababu ya ushindi ule, na Kodros, mfalme aliyemfuata, ni mwanawe wa kumzaa. Kumfanya mfano wa mwari ni kumvua umri wake. Zaidi ya hapo, ukiitazama sikukuu na kuiacha hadithi, kijana haendi popote. Hakuna kumbi, hakuna msitu, hakuna kungwi wala mwalimu, hakuna siri anayofundishwa. Hakuna kitu kinachofanyika mwilini mwake zaidi ya kunyolewa. Ukiuliza siku ile nani anasema, nani anaapa, nani anapiga kura, jibu si kijana hata mara moja.

Jibu limechongwa kwenye jiwe. Mwaka 1883, huko Tatoi, kaskazini mwa Athene, ulipatikana mnara wa maandishi ya fratria moja ya Dekeleia. Sehemu ya kwanza ni ya mwaka 396/5 KK, iliyopendekezwa na mtu aitwaye Hierokles. Tarehe ina uzito wake. Kuanzia 413 hadi 404 KK jeshi la Sparta lilikuwa limeikalia Dekeleia, na watu wake walikimbilia mjini. Vita vilipokwisha, nani alikuwa anakumbuka nani aliletwa na nani, mwaka gani, mbele ya nani? Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa fratria ni kwamba wote ambao hawajachunguzwa wachunguzwe mara moja, na wanafratria wapige kura kwa kuchukua kura zao kutoka madhabahuni. Atakayeonekana aliingizwa bila haki, jina lake lifutwe, na aliyemleta atozwe faini ya drakma 100. Akikata rufaa na kushindwa, drakma 1,000.

Kisha kuna malipo ya kuhani, na hapa jiwe linanukia jikoni. Kwa kafara ndogo iliyoitwa meion, iliyotolewa mtoto akiwa bado mdogo, kuhani alipata paja, ubavu, sikio na oboli 3 za fedha. Kwa kafara kubwa, koureion, iliyotolewa kijana anapokaribia utu uzima, alipata paja, ubavu, sikio, mkate wa kafara wa kipimo kimoja, divai kidogo na drakma 1. Mara mbili, basi: utotoni, na tena ujana unapoanza. Na kwa mpango mpya, uchunguzi wenyewe ulifanywa mwaka uliofuata koureion, siku ya Koureotis, ili watu wapate mwaka mzima wa kumtazama na kuulizana.

Baba alileta mashahidi watatu. Kila mmoja alishika madhabahu akasema: "Nashuhudia kwamba huyu anayemleta ni mwanawe halali wa mke wa ndoa. Ni kweli, kwa Zeus Phratrios. Nikiapa kweli nipate mema mengi, nikiapa uongo yanipate kinyume chake." Baadaye fratria iliongeza sharti jingine: jina la mtoto, la baba, la mama na la baba wa mama yaandikwe mapema, yabandikwe mahali ambapo watu wa Dekeleia hukutana, na nakala kwenye ubao mweupe iwekwe katika hekalu la Leto. Mahali hapo pa kukutania pengine palikuwa karibu na kinyozi, kwa sababu mwandishi Lysias anasema watu wa Dekeleia walizoea kukaa kwa kinyozi mmoja mjini, karibu na sanamu za Hermes. Naiona picha hiyo vizuri kabisa: wanaume wamekaa wakisubiri zamu, wanasoma majina ya watoto, mmoja anauliza, huyu mama yake si yule wa kule?

Upande wa pili wa mjadala unasimama hapo. Kwa wanaoushika, Apaturia ni ofisi ya vizazi iliyovaa shada la maua. Athene haikuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtu aliingizwa kwenye orodha ya kata yake, yaani demo, akifikisha miaka 18, na kwa miaka yote kabla ya hapo uthibitisho pekee wa yeye ni nani ulikuwa vichwani mwa watu. Sikukuu ilikuwa njia ya kuvijaza vichwa hivyo. Na kwa nini nyama? Hotuba ya kesi ya urithi wa Hagnias, iliyohifadhiwa kati ya hotuba za Demosthenes, inatupa jibu ambalo hakuna mwanafalsafa aliyelitoa waziwazi hivyo. Mtoto aliletwa kwenye fratria. Aliyepinga angeweza kumwondoa mnyama madhabahuni na kubeba lawama ya kufanya hivyo. Hakuna aliyethubutu. Wakapiga kura wakati kafara ikiungua. Na Makartatos, mtu aliyekuja kumkana mtoto yule mahakamani, siku ile alipokea fungu lake la nyama kutoka mkononi mwa mtoto huyo huyo, akaenda nalo nyumbani. Hoja ya mahakamani ni moja tu: ulikula. Aliyekula amekiri.

Ndiyo maana naona neno jando linatupoteza. Kama ni lazima nitafute neno la Kiswahili la kuanzia, ningesogea karibu na akika: mtoto, mnyama, nywele, nyama inayogawiwa watu wanaojua imetoka wapi. Hilo ni daraja la kumvusha msomaji, si undugu wa asili, na lina mipaka yake, maana katika akika hakuna jirani anayeombwa kupiga kura kuamua kama mtoto ni wako. Mzazi wa Athene alichinja akiwa na hofu. Jando linamuuliza kijana: umevumilia? Apaturia ilimuuliza baba: unaapa? Kijana alisimama pembeni akisikiliza watu wazima wakiamua kama yupo.

Hata hivyo nisiwatupe wale wa upande wa kwanza, kwa sababu wamekosea sikukuu tu. Ugiriki ilikuwa na mahali ambapo hoja yao inakaa sawa. Brauron ni mojawapo. Ni bonde lenye unyevu karibu na bahari, mashariki mwa Athene, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Huko kulikuwa na hekalu la Artemis, na huko wasichana wa Athene walikwenda "kuwa dubu". Hadithi yake ni kwamba dubu aliyefugwa hekaluni alimkwaruza msichana aliyekuwa akimchokoza. Kaka zake wakamuua dubu, Artemis akaleta tauni, na malipo yakawa kwamba wasichana wamtumikie mungu huyo kama dubu kabla ya kuolewa. Inasemekana walikuwa kati ya miaka 5 na 10. Walivaa vazi la rangi ya zafarani, na katika tamthilia ya Aristophanes ya mwaka 411 KK wanawake wa Athene wanajivunia hatua hiyo kati ya huduma zao nyingine: nilibeba vitu vitakatifu nikiwa na miaka 7, nikasaga nafaka ya mungu, nikawa dubu Brauron.

Uchimbaji ulioongozwa na John Papadimitriou kuanzia 1948 hadi 1963 ulitoa vyungu vidogo vyenye picha za wasichana wakikimbia, wengine wamevaa vazi fupi, wengine hawana kitu mwilini. Hapo kuna kutoka nyumbani, kuna nyika, kuna mnyama unayekuwa kwa muda na kumwacha, kuna wanawake wanaosimamia. Mtu akiniambia huo ni unyago, sitamkatalia, ingawa wasichana wa miaka 7 hawakuwa wakiandaliwa kwa ndoa ya kesho. Ninachokiona zaidi Brauron ni hofu ya wazazi waliojua watoto hufa. Ukweli kwamba wasichana walikabidhiwa Artemis, ambaye ndiye aliyeitwa kwenye uchungu wa kuzaa, unasema jambo kuhusu miaka iliyokuwa ikiwangoja.

Hofu hiyo hiyo iko kwenye sikukuu ya Anthesteria, siku ya Choes, ambapo watoto wa umri wa miaka 3 hivi walivikwa maua na kupewa vijagi vidogo vyenye picha za watoto wanaotambaa na kuchezea vigari. Vijagi vingi vimepatikana, na baadhi vimetoka makaburini. Shairi moja la kaburi linasema mtoto alikuwa amefika umri wa Choes, lakini mauti yakaiwahi siku yenyewe.

Sparta nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayopendwa na wengi. Xenophon anasema vijana walitakiwa kuiba jibini madhabahuni pa Artemis Orthia huku wengine wakiwachapa. Karne nyingi baadaye, chini ya Warumi, kuchapwa kulibaki na jibini likasahaulika, na katika karne ya tatu Baada ya Kristo likajengwa jukwaa la mawe ili watazamaji wakae vizuri. Anayetaka kuthibitisha kwamba Wagiriki walikuwa na jando akaileta Sparta ya Warumi kama shahidi, analeta onyesho la wageni akidhani ni siri ya wazee. Vivyo hivyo mafunzo ya miaka miwili ya vijana wa Athene yanayoelezwa na Aristoteles: tunayafahamu vizuri baada ya Athene kushindwa na Makedonia huko Khaironeia mwaka 338 KK, wakati mji ulipojipanga upya, na si busara kuyarudisha bila ushahidi hadi zama za mababu wa mababu.

Narudi Apaturia, maana kuna swali ambalo pande zote mbili hulipita. Je, ilikuwa sikukuu nzuri? Kuna ushahidi wa furaha. Kritias katika mazungumzo ya Plato anakumbuka akiwa na miaka 10 hivi, siku ya Koureotis, baba zao waliweka zawadi kwa mtoto atakayekariri mashairi vizuri, na wengi wakakariri ya Solon. Ni siku hiyo hiyo, kwa simulizi ya Plato, babu yake wa miaka karibu 90 alipoanza kuwasimulia habari za Atlantis. Watoto, mashairi, babu anayekumbuka: hilo halifanani na ofisi. Na Aristophanes, mwaka 425 KK, anamtaja mwana wa mfalme wa Thrakia aliyekuwa amepewa uraia, jinsi alivyokuwa na hamu ya kula soseji kwenye Apaturia. Watu walicheka ukumbini, lakini ndani ya kicheko kuna ukweli: mgeni aliyepokewa hakutamani kura wala hotuba. Alitamani kukaa mezani.

Na nisiseme fratria ilikuwa mlango wa kufungia watu tu. Mwaka 346/5 KK Athene iliamua kila kata ichunguze upya orodha yake. Katika kata ya Halimous walimfukuza Euxitheos, kwa kura iliyopigwa usiku wakati wengi walikuwa wameshaondoka. Mama yake alikuwa ameuza utepe sokoni na kuwanyonyesha watoto wa watu kwa malipo, na hilo likageuzwa kuwa dalili ya ugeni. Ni umaskini uliosomwa kama uongo. Euxitheos alijitetea kwa kuwaita wanafratria: walinipokea nikiwa mtoto, wakanichagua hata kuwa kiongozi wao, waliisikia ndoa ya mama yangu baba alipowafanyia karamu ya ndoa. Kwa mtu asiye na mali, wale waliokula kwenu miaka 30 iliyopita walikuwa ndiyo karatasi pekee. Tukiidharau sikukuu kwa kuwa iliwafungia wengine nje, tumdharau na huyu aliyeikimbilia.

Lakini angalia mama alivyoonekana katika utetezi huo. Alionekana kupitia karamu ya mumewe. Mume alipooa aliwaandalia wanafratria karamu iliyoitwa gamelia, na mahakamani karamu hiyo ndiyo iliyothibitisha mke ni mke. Isaios ana mahali anapozungumza kana kwamba binti naye angeweza kutambulishwa kwenye fratria, na wataalamu wanabishana kama hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mimi naona lilitokea pale tu urithi ulipohitaji binti, na pasipo urithi hakuna aliyechinja kwa ajili yake. Kwenye jiwe la Dekeleia jina la mama limeandikwa, ndiyo, lakini kama kiungo cha kumthibitishia mtoto babu wa upande wa pili.

Na kiapo kilikuwa na makali. Phrastor wa Aigilia alimfukuza mkewe Phano alipogundua, kwa madai ya hotuba dhidi ya Neaira, kwamba hakuwa binti wa raia. Phano alikuwa mjamzito. Phrastor akaugua, hana mtu wa kumwangalia, na Phano na Neaira, aliyedaiwa kuwa mama yake, wakaja kumuuguza. Kitandani alimkubali mtoto. Akiwa bado mgonjwa alimpeleka kwenye fratria, nao wakamkataa. Alishtaki, akatakiwa aape kwa kafara kamili kwamba mtoto ni wa mke raia aliyeolewa kwa taratibu. Hakuapa. Alikuwa amemkubali mtoto kwa moyo wa mgonjwa anayelishwa na kuoshwa, lakini moyo haukutosha mbele ya madhabahu.

Kwa hiyo nikiulizwa, ninaegemea upande wa pili, kwa maana kwamba Apaturia ilikuwa sikukuu ya mashahidi. Siegemei kwa sababu eti ilikuwa kavu kama rejista. Rejista haina uchungu wa Phrastor. Ilikuwa sherehe ya kupanda kumbukumbu ndani ya watu kwa chakula na kiapo, na kwa sababu kumbukumbu hiyo ilikuwa na thamani ya ardhi, kura na kaburi, ililindwa dhidi ya watoto wasiojua lolote.

Hakuna nyumba iliyolijua hilo kuliko ya Perikles, kiongozi wa Athene. Mwaka 451/0 KK yeye mwenyewe alipendekeza sheria kwamba raia awe na baba na mama wa Athene. Kisha akaishi na Aspasia wa Miletos, wakazaa mwana. Miletos ni mji wa Waionia, mji unaoadhimisha Apaturia. Kwa kipimo cha Herodotos watu wa Aspasia na watu wa Perikles ni wamoja, wanachinja mwezi mmoja kwa jina moja la sikukuu. Kwa sheria ya Perikles mwana wao alikuwa mgeni. Tauni iliyoanza mwaka 430 KK ikawachukua wanawe wawili wa ndoa, Xanthippos na Paralos. Plutarkhos anasimulia kwamba Perikles aliwaomba Waathene wamwonee huruma, nyumba yake isizimike, nao wakamruhusu amwandikishe mwana wa Aspasia kwenye fratria na kumpa jina lake. Mwaka 429 KK baba akafa.

Perikles huyu mdogo alikua akawa jemadari. Mwaka 406 KK alikuwa mmoja wa majemadari walioshinda vita vya baharini vya Arginusai. Meli 25 za Athene zilizama, dhoruba ikazuia kuokoa watu wake, na mji ukadai damu. Kazi ya kuokoa ilikuwa imeachiwa manahodha, Theramenes akiwa mmoja wao, na ni Perikles na Diomedon waliowashawishi wenzao wasiliandike hilo kwenye barua yao kwa mji. Mkutano wa kwanza wa wananchi uliahirishwa kwa sababu giza lilikuwa limeingia na mikono haikuonekana. Kati ya mkutano huo na uliofuata, Apaturia ikaingia: siku ambazo kila fratria ilikaa mezani ikajihesabu, ikaona nafasi zilizo wazi. Xenophon anasema watu wa Theramenes waliwaandaa wanaume wengi wavae nguo nyeusi na kunyoa vichwa hadi ngozini, waje mkutanoni kana kwamba ni ndugu wa waliokufa. Diodoros anasema walikuwa ndugu kweli. Naona hakuna haja ya kuchagua sana, kwani mji uliopoteza wanaume wengi kiasi hicho haukuhitaji kukodi waombolezaji ili ulie, hata kama wapo waliokodiwa. Sokrates, aliyekuwa zamu katika kamati ya mkutano, alikataa kura ya kuwahukumu wote kwa pamoja, akashindwa.

Majemadari wanane walihukumiwa. Sita waliokuwepo wakauawa, wiki zile zile ambazo vijana wa Athene walikuwa wametoka kunyolewa nywele mbele ya baba zao. Perikles, mwana wa Perikles, alikuwa mmoja wa hao sita.